Wifi Aliniuliza, Nikasema ni Choa

Msambweni, Jumapili, 15 Novemba 1998

Mvua ya vuli ilianza alfajiri, saa tatu ikakatika ghafla, na sasa jua limewaka na uwanja mzima unafuka mvuke. Nguo nilizoanika jana bado ni mbichi. Nimeshaswali adhuhuri, nimekaa barazani nyuma ya nyumba, daftari mapajani. Mama na wifi wako jikoni wanapika na wanacheka. Sijui wanacheka nini. Ninachojua ni kwamba wifi ndiye anayecheka zaidi, na mimi ndiye nisiyeweza kumeza hata funda moja la chai.

Siku tatu sijaandika humu. Si kwa kukosa la kuandika. Niliiogopa kalamu, kwa kuwa najijua: nikiandika huwa najipamba. Naweza kujaza kurasa nne za majuto, na mwisho wake nikatokea mimi ndiye wa kuonewa huruma. Leo nitajaribu kusema mambo yalivyokuwa, na nikianza kujipamba nitapiga mstari wa kufuta.

Wifi yangu ni Mwanakombo, mke wa kaka yangu Salimu. Kwao ni Lunga Lunga, na wameoana mwaka juzi. Salimu ni askari wa langoni katika hoteli moja kule Diani, huja nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Siku zilizobaki wifi yuko na mama, na nikiwa likizo tunakuwa watatu. Mimi ndiye msomi wa nyumba. Nasoma shahada ya pili Nairobi, na majirani wakiniuliza nasomea nini huwaambia "mishipa ya fahamu", nao hudhani nitakuwa daktari. Siwasahihishi. Naipenda ile heshima.

Ninachosomea hasa ni kitu kidogo sana, na nitakieleza hapa kwa sababu ndicho kinachonichoma. Uzi wa mshipa wa fahamu hauendi mtupu. Kuna seli zinazojiviringisha juu yake, mzunguko juu ya mzunguko, kama mwanamke anavyojifunga leso, ila hizi hujiviringisha mara kumi, mara hamsini, hadi uzi upate ala nene yenye mafuta. Ala hiyo ndiyo inayofanya habari zisafiri upesi kutoka kidoleni hadi ubongoni. Swali langu ni hili: leso hiyo imeshikwa na nini? Mbona haifunguki? Jibu ni kwamba juu ya ngozi ya uzi zimejitokeza molekuli, na juu ya ngozi ya seli zimejitokeza nyingine, nazo hukamatana. Kuna nyingine tena zinazoshikanisha mzunguko mmoja na unaofuata. Na kule ala inapokomea, kabla uzi haujabaki wazi kidogo na ala nyingine kuanza, kuna mshiko wa pekee uliobana kuliko mahali pengine pote. Mwaka mzima nimekaa kwenye hadubini nikiitazama mishiko hiyo katika mishipa ya panya, imetiwa rangi inayong'aa kijani. Ni mizuri mno. Mara ya kwanza kuiona nilitokwa na machozi, nami si mtu wa machozi.

Mwaka jana msimamizi wangu aliniazima jarida lililokuwa na habari ya bakteria wa ukoma. Wataalamu walikuwa wameonyesha anavyoingia katika mshipa. Havunji mlango. Seli ile ile inayotengeneza ala ina koti lake la nje, na katika koti hilo kuna protini ya kushikia. Bakteria huikamata hiyo hiyo, akaingia, akatulia. Miaka inaweza kupita. Kisha siku moja mwili unamgundua, unaanza kupigana naye, mshipa unavimba, mishiko inaachia, ala inabanduka, na kidole kinaacha kupeleka habari. Nilisoma makala hiyo mara tatu. Nilipiga mistari kwa penseli. Mwezi Julai mwaka huu nilifanya mhadhara juu yake mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu, wakanipigia makofi.

Na huku nyumbani wifi yangu alikuwa akipalia wali kwa mkono mtupu.

Kwetu wali mzuri hupaliwa. Maji yakikaribia kukauka unapunguza moto wa chini, unafunika sufuria, kisha juu ya kifuniko unatandaza makaa ya moto ili wali uive kwa joto la chini na la juu. Watu huyatandaza kwa koleo, au kwa kijiti, au kwa kipande cha kifuu. Wifi huyatoa jikoni kwa koleo, lakini kuyasawazisha huyasawazisha kwa ubavu wa kiganja cha kulia, upande wa kidole cha mwisho, bila haraka, kama mtu anayesawazisha unga kwenye ungo. Nilimwona akifanya hivyo kwa mara ya kwanza Ramadhani iliyopita. Mama alikuwa hoi kwa furaha. "Hii ndiyo mikono ya kazi," akasema, "si hiyo yenu ya kushika kalamu." Akawaita majirani waje watazame. Mpishi asiyeogopa moto kwetu ana sifa kubwa, na mke mgeni katika nyumba ya watu akishasifiwa hivyo harudi nyuma tena. Kila anapotazamwa huukaza mkono zaidi. Mimi nami nilicheka, nikasema mikono ile ifungiwe kabatini isije ikaibwa.

Nilicheka. Liandikwe hilo pia.

Mwisho wa Oktoba Salimu aliniandikia barua fupi. Wifi yako ameungua kiganja, alisema, kimetoka malengelenge na hajui aliungua lini, na vikombe vinamponyoka. Njoo. Nilifika Jumatano, na Alhamisi asubuhi tukaenda hospitali, mimi na yeye.

Anayeshughulikia wagonjwa wa aina hiyo ni bwana mmoja wa bara, mpole, mwenye miwani. Alimwambia wifi aweke mkono juu ya meza, afumbe macho, na kila anapoguswa aonyeshe kwa mkono wa pili mahali alipoguswa. Akamgusa kidole gumba kwa unyoya wa pamba. Wifi akaonyesha. Akamgusa cha shahada. Akaonyesha. Kisha akaja kwenye kidole cha mwisho, akagusa, mkono wa pili wa wifi haukusogea. Yule bwana akaweka pamba chini, akachukua kalamu ya wino, akambonyeza kwa ncha mpaka ngozi ikabonyea. Akabonyeza mara ya pili, ya tatu, ya nne, akishuka ubavu wote wa kiganja.

"Daktari," wifi akasema, macho bado ameyafumba, "unaanza lini?"

Yule bwana akaiweka kalamu chini. Alimpapasa kiwiko kwa ndani, pale mshipa unapopita nyuma ya mfupa, kisha akaniita nami nishike, kwa sababu wifi alikuwa amemwambia mlangoni, kwa fahari, kwamba mimi ni msomi wa mishipa. Nikashika. Ulikuwa mnene kama kamba ya ndoo ya kisimani. Mwaka mzima nimeshughulika na mishipa ya panya waliokufa, na huo ulikuwa mshipa wa kwanza wa mtu aliye hai kuugusa kwa mkono wangu.

Akampa wifi kikaratasi akibane kati ya vidole viwili vya mwisho, yeye akivute. Kilitoka bila kubishana.

"Usiogope mama," akamwambia. "Ni ukoma, lakini hii ugonjwa iko na dawa, na dawa ni ya bure. Utakunywa mwaka mzima na utapona kabisa. Shida yangu ni hii mkono. Hiyo ganzi ilianza lini?"

"Kabla ya Idd ya kuchinja," wifi alisema.

Akahesabu kwa vidole kuanzia Aprili. Akatueleza kwamba mshipa ukianza kufa ganzi, ukiwahiwa ndani ya miezi sita kwa vidonge vya kupunguza uvimbe, mara nyingi hurudi. Ukipita hapo hawezi kuahidi kitu. Vidonge hivyo atampa vile vile, tujaribu, na kila baada ya wiki mbili aje apimwe tena kwa pamba na kalamu na kikaratasi.

"Na hiyo miezi yote hakuna mtu aliona kitu?" akauliza.

"Hakuna," wifi akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, goti kwa goti.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alikuwa amezifunga dawa kwenye pindo la leso, na mara kwa mara alilishika fundo kuhakikisha zipo, kwa mkono wa kushoto. Tulipofika karibu na msikiti akasimama. Alikuwa analia bila sauti.

"Nisamehe, wifi," akaniambia. "Nimekuaibisha. Nyumba ina mtu aliyesoma kama wewe, na mimi nakaa na maradhi kama haya ndani yake."

Nikamfuta machozi kwa upande wa leso yangu. Nikamwambia yamekwisha, asijisumbue.

Nikamsamehe. Mimi kumsamehe yeye!

Nyumbani ilibidi mama aambiwe. Aliposikia alisema neno moja tu la Kidigo, "Mahana!", yaani ukoma, akaziba mdomo kwa leso. Jioni hiyo nikamwona anaweka kando kikombe kimoja na sahani moja, peke yake juu ya rafu. Nikamjia juu. Nilimhutubia mama yangu mzazi kama ninavyowahutubia wanafunzi wa mwaka wa kwanza: kwamba ukoma hauambukizwi kwa sahani, kwamba watu walio wengi hata bakteria akiwafikia miili yao humshinda, kwamba mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena mtu. Nilimwambia kwamba anachokifanya ni dhuluma na atakuja kuulizwa mbele ya Mungu. Mama akasimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja chungu. Akakirudisha kikombe mahali pake. "Nisamehe, mwanangu," akasema, "mimi sikusoma."

Katika nyumba hii watu wananiomba msamaha kwa zamu.

Ijumaa Salimu akaja. Alikaa na mkewe mkekani, akamwuliza kila kidonge kinamezwa saa ngapi, akaandika saa hizo kwa kalamu kubwa kwenye kalenda ya ukutani. Ndugu mmoja wa baba alikuwa ameshamdokezea kwamba mwanamke huyo arudishwe kwao Lunga Lunga hadi apone. Salimu alimjibu kwa adabu kwamba mke wake ana nyumba, na nyumba yake ni hii. Kisha akaja kwangu, akanishika bega. "Ahsante kwa kuja, Fatuma," akasema. Jana asubuhi akarudi kazini.

Haya. Nimezunguka vya kutosha. Sasa lile lenyewe.

Aprili, siku ya Arafa, mkesha wa Idd, wifi alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Amepandisha mkono wa gauni. Ndani ya mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, nikaona baka. Lina upana wa kifuniko cha chupa ya jemu, limefifia kuliko ngozi yake, kavu, halina vinyweleo. Nikapeleka kidole, nikagusa katikati yake. Hakugeuka. Nikakwaruza kwa ukucha. Akaendelea kukuna nazi. Ndipo akanitupia macho akaniona nimeinama.

"Ni nini hicho, wifi?" akauliza. "Kimetoka tangu Ramadhani, wala hakiwashi."

Nilijua. Sikushuku, sikudhani, nilijua, na ule mkono wa kupalia wali nikaujua papo hapo. Vyote viwili vilikuja pamoja kichwani, baka na makaa.

"Ni choa tu," nikasema. "Kitaondoka chenyewe."

Hamisi ni mwalimu, watu wake ni wa Kinango, tumependana miaka miwili. Siku ya pili ya Idd wazee wake walikuwa waje kuniposa, na mpishi wa wageni alikuwa wifi. Lile neno likishatamkwa mkesha wa Idd, nani angeutia mdomoni wali ule? Nani angeposa nyumba ile? Nikajiambia, nitasema baada ya posa. Wakaja, wakala, wakamsifu mpishi, wakakubaliana na mama na Salimu, harusi ikapangwa baada ya Ramadhani ijayo. Nikajiambia, nitasema kabla ya safari. Siku ya safari nilichelewa kuamka. Nikajiambia, nitaandika barua. Nilianza barua tatu. Zote zilitaka zianze kwa maneno "siku ile nilikudanganya", na zote nikazichana. Kufika Juni nilikuwa nimeshajishawishi kwamba huenda kweli ni choa. Mimi, niliyesoma makala ile mara tatu.

Kinachoniua zaidi ni Julai. Siku niliposimama mbele ya watu nikaeleza jinsi mishiko inavyoachia, nikapigiwa makofi, ilikuwa miezi mitatu tu tangu Arafa. Bado ilikuwa mapema. Barua ya mistari miwili ingetosha.

Tangu jana nilikuwa nimejipanga kuimaliza shajara hii kwa kuahidi kwamba nitamwambia. Lakini nimeshamwambia. Ilikuwa leo saa nne, mvua ilipokwisha kukatika.

Yule bwana wa hospitali alituagiza kila siku mkono uloweshwe ndani ya maji, ngozi iliyokufa isuguliwe taratibu, kisha upakwe mafuta ili usipasuke. Kazi hiyo nimeichukua mimi. Tunakaa hapa hapa barazani, beseni katikati, na chupa ya mafuta ya nazi pembeni. Leo nilikuwa nimeushika mkono wake ndani ya maji kwa mikono yangu miwili. Vidole viwili vya mwisho vimeanza kukunja. Nikajikuta nimesema, bila salamu wala utangulizi, "Wifi, siku ile ya Arafa mimi nilijua."

Hakuutoa mkono. Aliendelea kuyatazama maji.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia, nikamwambia kwamba nilipogusa lile baka nilijua ni ukoma, na kwamba choa ulikuwa uongo.

"Nimekusikia, wifi. Na mimi najua kuwa ulijua. Ulisema ni choa, lakini tangu siku ile hukula tena sinia moja na mimi. Idd nzima ulisema tumbo linakusumbua, ukajipakulia sahani yako, ukaenda kulia chumbani."

Sikumbuki vizuri.

Hapo napiga mstari. Nakumbuka vizuri sana. Nakumbuka hata sahani yenyewe. Ila nilikuwa nimelificha hilo mahali ambapo hata mimi sikuwa nalipitia, na wala nisingeliandika humu kama si yeye kulitoa. Mtu aliyemtisha mama yake kwa Mungu kwa sababu ya kikombe kimoja, ndiye huyo.

Uso ulikuwa unaniwaka. Na badala ya kunyamaza nikauliza, tena kwa sauti iliyokuwa na lawama ndani yake, Mungu anisamehe: "Kama ulijua, mbona hukwenda hospitali?"

Wifi akaniinulia macho. Alishangaa kikweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Ningekwenda kufuata nini? Wewe ndiye uliyesomea mishipa. Nikasema moyoni, kama ingekuwa na dawa, wifi angeniambia. Amenyamaza kwa kuwa haina, hataki kunivunja moyo mapema. Nikaona umenihurumia. Basi na mimi nikanyamaza, nisije nikakuharibia posa."

Nikaona umenihurumia.

Miezi saba niliuchukulia ukimya wangu kuwa ni kosa langu la siri, kitu nilichokifungia sandukuni kule Nairobi, kinachoniuma mimi peke yangu. Kumbe ulikuwa hapa nyumbani muda wote huo. Wifi aliupokea kama majibu ya daktari. Kila nilipoandika barua kwa mama, mwishoni nikaweka "nisalimie wifi" na nisiseme jingine, yeye alisomewa barua hiyo na akaelewa kwamba hakuna dawa. Aliamka, akapika, akapalia, akausubiri mkono wake ufe kwa utulivu, kwa sababu mtu anayemwamini alikuwa amemwambia hivyo bila kufungua mdomo. Nisingekuwa nimesoma hata darasa moja, angekwenda hospitali Aprili.

Nikamwuliza mbona alimwambia yule bwana kwamba hakuna aliyeona.

"Nikutaje mbele ya mtu mgeni?" akasema. "Wewe ni wifi yangu."

Hapo ndipo nilipolia, na nililia vibaya, kamasi na yote, mpaka mama akachungulia mlangoni akauliza kuna nini. Wifi akamwambia ni mafuta yameniingia machoni. Hata hapo alinitafutia pa kujificha.

Mama akaondoka. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya maji na mkono wake.

"Sasa niambie kweli," akasema. "Vidole vitarudi?"

Jibu lilikuja mdomoni lenyewe, zuri, lenye mapambo. Ningeweza kumwambia kwamba mshipa wa panya ukikatwa huota tena, kwamba seli hurudi zikajipanga, zikaushika uzi upya na kuuviringa, nimeona kwa macho yangu, kijani kibichi. Yote hayo ni kweli kwa panya. Angefurahi, nami ningepata usingizi.

"Sijui," nikamwambia. "Hata daktari hajui. Ukivimeza vidonge kila siku kama alivyosema, huenda vidole vikarudi. Huenda visirudi."

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Hilo nimelielewa."

Akautoa mkono majini, akaninyooshea niufute.

Sijisikii mwepesi. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akikiri hujisikia mwepesi. Labda hao walikiri mambo yaliyokuwa bado yanarekebishika. Siku ya kupimwa tena ni Alhamisi, tarehe 26. Nimeomba ruhusa chuoni nibaki hadi siku hiyo, na nitakwenda naye, na yule bwana akiuliza tena swali lake nitajibu mimi. Hamisi naye anastahili kujua nilichokificha wakati wazee wake wanaposa. Sijui atasema nini. Nitamwandikia kesho asubuhi, barua ya nne, na hii sitaichana.

Ijumaa Salimu atakuwa nyumbani. Yeye bado hajui. Nitamwambia mimi, tena mlangoni kabla hajavua viatu, kabla wifi hajapata nafasi ya kuninusuru mara nyingine.